Nani Kachinja?

Mwinjilisti wa usharika wetu hakuvumilia kuona watu wenye njaa wamesimama. Kila Jumamosi mchana, katika uwanja mdogo ulio nyuma ya stendi ya Korogwe, kanisa lilikuwa likiwalisha watu wasio na makao: wapagazi waliozeeka kabla ya kupata pa kuzeekea, vibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge ambao kambi zao zilivunjwa nao hawana kijiji cha kurudi, wanawake waliokosana na ndugu, na wachache ambao akili zao zilikuwa zimechoka. Mtu mwingine angewapanga mstari na kumpa kila mmoja sahani yake. Yeye alitandika mikeka. Watu waliketi kwa duara kuzunguka masinia, kama tunavyoketi msibani na harusini, na kabla ya chakula alipita kwa kila mmoja na birika la maji na beseni, akiwanawisha.

Nilijiunga na kazi hiyo nilipokuwa mwalimu wa sekondari pale mjini. Nilikuwa namenya vitunguu na kuosha masufuria pamoja na akina mama wengine wa usharika. Siku yangu ya kwanza niliinua sinia nikamkabidhi kuli mmoja aliyekuwa bado amesimama. Mwinjilisti alinijia, akalichukua mikononi mwa yule mtu, akaliweka mkekani, ndipo akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, mgeni anakaribishwa kwanza. Hupokei mtu kwako kwa kumrushia chakula mlangoni."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema na wengi wetu. Hakuwa mtu mpole. Watu waliomfahamu kwa sifa za mbali walidhani ni mzee wa sauti ya chini na tabasamu la kudumu, na walishangaa walipomkuta akigombana na mpishi kuhusu wali uliobaki na kiini. Aliwafokea wanakwaya. Hakuwahi kutuambia asante, hata siku zile za mvua tulipopika tukiwa tumeshikilia turubai kwa mkono mmoja. Mke wake alitutania akisema kwamba neno hilo mumewe alilitumia lote siku ya harusi yao, halikubaki. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimepigwa rangi mpaka vikang'aa, na alivipenda kuliko ilivyompasa mtu wa kazi yake. Akipita kwenye vumbi la stendi alinyanyua miguu kama mtu anayevuka mto.

Lakini watu wa mikekani walimpenda, na nadhani ni kwa sababu hakuwabembeleza. Aliwagombeza sawa na sisi. Mzee mmoja mfugaji, aliyepoteza ng'ombe wake wote kwa ukame huko nyika za Handeni, alikuwa na desturi ya kulalamika kila wiki.

"Mwinjilisti, mfupa huu ulionipa hauna nyama."

"Wewe ulikuwa na ng'ombe zizi zima, leo unalia na mfupa wa mbuzi?"

"Ndiyo maana nalia. Naijua nyama, si kama hawa wakulima wako wa mchicha."

Mkeka mzima ulicheka, na Mwinjilisti akaenda kumletea mfupa mwingine huku akinung'unika.

Jambo lililowatatiza viongozi wetu ni kwamba hakuhubiri pale. Alikuwa mwinjilisti, mtu aliyewekwa kwa ajili ya neno, na Jumapili alihubiri vizuri, wakati mwingine kwa urefu uliopita kiasi. Jumamosi hakusema lolote. Aliomba kwa ufupi peke yake nyuma ya masufuria, kisha akatoka na birika. Katibu wa usharika, mzee makini aliyelipenda kanisa kwa moyo wake wote, alikuja kushuhudia mara moja, akamvuta pembeni.

"Watu wote hawa wameketi mbele yako, wametulia. Hujawaambia hata neno moja."

"Nimewaambia karibuni."

"Unajua ninachosema."

"Najua, Katibu. Na wao wanajua sisi ni kanisa, wanaliona vazi langu. Nikiwahubiria wakati sinia liko mbele yao, atakayesikiliza atakuwa ananilipa."

Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yake, na aliisema waziwazi kwa yeyote aliyeuliza: kwamba pawepo mahali pamoja katika mji wetu ambapo mtu wa dini yoyote anaketi, anakula bila hofu, na hadaiwi kitu, hata masikio yake. Wageni walipokuja kutoka mji mkubwa na kutaka kuwapiga picha walaji, alisimama mbele ya kamera akiwa na birika lake. "Mgeni akila nyumbani kwako unampiga picha?" aliwauliza. Walirudi na picha ya viatu vyake.

Kwa ajili ya shabaha hiyo aliishika desturi moja kwa ukali kuliko zote. Katika nchi yetu ya Handeni na Korogwe, Wakristo na Waislamu wamekaa ua kwa ua kwa muda mrefu, na hata kwenye harusi ya Mkristo huitwa Muislamu kuchinja, ili jirani asikae mbele ya sahani akiwa na mashaka. Mwinjilisti alimwomba Ustadhi aliyefundisha madrasa jirani na kwake afanye kazi hiyo. Kila Jumamosi asubuhi Ustadhi alikuja na kisu chake, akachinja mbuzi au kuku, akanywa chai na Mwinjilisti, akaenda zake. Baadhi ya washarika waliona haya. Walisema ni ajabu kanisa kununua mbuzi kisha kuomba ruhusa ya kumla. Yeye aliwajibu kwamba haombi ruhusa, anaandaa chakula cha wageni, na nusu ya wageni wake ni Waislamu.

Kati ya hao alikuwepo mzee tuliyemwita Babu wa Kwamsisi. Alikuwa Mzigua aliyetoka kijiji hicho cha Handeni akiwa kijana kufuata kazi ya mkonge, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa, akajikuta analala kwenye baraza la duka moja karibu na stendi. Alikuwa na koti la kijivu na kofia aliyoifua mwenyewe kwenye bomba la soko. Mali hakuwa nayo. Alichobaki nacho ni swala zake na uangalifu wa kile kinachoingia kinywani mwake, na alivilinda vyote viwili. Kila Jumamosi, akisha kunawa, alimwinulia Mwinjilisti uso.

"Nani kachinja?"

"Ustadhi, Babu."

"Bismillahi," alisema Babu, akala.

Mwinjilisti hakuchoshwa na swali hilo. Mtu asiyevumilia swali la mpishi lililorudiwa mara mbili, alivumilia hilo wiki baada ya wiki na kulijibu kwa utulivu, kana kwamba linaulizwa kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuniambia kwamba Babu anamfanyia heshima kubwa. "Mtu anayelala barazani anaweza kula chochote na asiulize. Yeye anauliza, halafu jibu langu linamtosha."

Jumamosi ninayoikumbuka iliangukia majira ya mavuno. Msharika mmoja wa Magoma, ambaye mwanawe alikuwa amepona ugonjwa mzito, alimchinja mbuzi wake mnono nyumbani kwake alfajiri, akamwombea, akaileta nyama kwa pikipiki ikiwa ndani ya beseni lililofunikwa kwa kanga. Alitaka iwe shukrani yake kwa wasio na makao. Akina mama waliipokea kwa furaha, wakaipika. Ustadhi alipofika na kisu chake walimweleza kwamba leo hakuna cha kuchinja, akarudi. Mwinjilisti hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye maziko, akaja moja kwa moja uwanjani wakati masinia yanapakuliwa, jasho likimtoka, akashika birika.

"Nani kachinja?" aliuliza Babu.

"Ustadhi, kama kawaida. Kula, Babu."

Hakukusudia uongo. Aliijibu desturi, hakulijibu swali.

Aliujua ukweli tulipokuwa tunaosha masufuria. Mama mmoja alisema yule mbuzi wa Magoma alikuwa na mafuta, mwingine akamsifu aliyemchinja, na Mwinjilisti aliyekuwa anakunja mikeka akainua kichwa. Aliuliza mara moja tu. Alipojibiwa, aliuweka chini mkeka aliokuwa ameushika, ukakunjuka tena.

Katibu alikuwepo siku hiyo kwa ajili ya ile shukrani. Aliona kinachotaka kutokea, akamzuia.

"Wamekula, wameshiba, wana furaha. Unakwenda kuwaambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani? Nyama ile imeombewa kwa jina la Bwana. Ukienda kuomba radhi utakuwa unasema sala yetu ni najisi."

"Sala haina kosa, Katibu. Mimi nimeulizwa swali nikasema uongo."

"Hukujua!"

"Sasa najua."

Mama mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Nyamaza tu, baba. Mtu asichokijua hakimdhuru."  Mwinjilisti alianza kwa wale waliokuwa bado uwanjani, akawaeleza duara kwa duara. Wengi hawakujali. Yule mfugaji alisema mbuzi ni mbuzi na kwamba leo angalau mifupa ilikuwa na nyama. Wawili watatu waliinamisha vichwa, mmoja akasema Mungu ndiye ajuaye nia, akaondoka. Kisha Mwinjilisti alivuka barabara kwenda kwenye baraza la duka, nami nikamfuata kwa sababu niliogopa kumwacha aende peke yake.

Babu alikuwa ameketi ameegemea mlango uliofungwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Mwinjilisti alichuchumaa mbele yake bila kujali viatu.

"Babu, nilikujibu vibaya leo. Nyama hakuichinja Ustadhi. Aliichinja mtu wetu, Magoma. Sikuuliza, nikakujibu kama nimeuliza."

Babu alimgeuzia uso.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi."

"Ungenyamaza, mimi ningejua?"

"Usingejua."

"Basi umenijia kufanya nini?"

"Wewe uliniuliza, Babu. Ulitaka kujua."

Babu alivua kofia, akaishika magotini. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, na ndiyo maana ilikuwa nzito kusikiliza. "Hilo la leo Mungu atanisamehe, sikujua. Lakini nimekuuliza siku nyingi, Mwinjilisti. Nilikuwa naamini majibu yote. Sasa kila moja narudi kulitazama, sijui lipi ulikuwa umeuliza kwanza na lipi ulikuwa unanijibu tu."

"Mengine yote yalikuwa kweli."

"Huenda. Ila anayeniambia hivyo ni wewe."

Jumamosi iliyofuata Babu hakuja. Alikuwa barazani pake, ng'ambo ya barabara, tunamwona na anatuona.

Baraza la wazee wa kanisa lilimwita Mwinjilisti. Sikuwemo, lakini mkewe alinisimulia. Walimtaka atangaze mbele ya usharika kwamba alikosea kuomba radhi kwa niaba ya kanisa. Alikataa, akasema radhi ile ilikuwa yake binafsi na hawezi kuirudisha kama nguo iliyombana. Mwishowe Katibu, ambaye hakutaka kumwona akivuliwa kazi, alitoa njia: kuanzia siku hiyo yapikwe maharage. "Maharage hayachinjwi," alisema. "Hakuna atakayeuliza, hakuna atakayejibu." Wazee walicheka, wakafurahi, mambo yakapoa.

Maharage yalikuwa mazuri, yenye nazi. Watu walikuja kama zamani, isipokuwa mfugaji ambaye alitangaza kwamba amefiwa na nyama. Niliona kwamba suala limekwisha, nikamwambia Mwinjilisti hivyo, kwa maneno ya kutia moyo. Alikuwa amesimama na birika, anatazama ng'ambo ya barabara.

"Babu hajala," alisema.

Alijaribu. Alimpelekea maharage, Babu akashukuru na kuyaacha yapoe. Alimtuma Ustadhi mwenyewe, aliyemwapia Babu kwamba nyama zote za nyuma alizichinja kwa mkono wake. Babu alimsikiliza kwa adabu, akasema hana ugomvi na mtu. Hata chai iliyopita mkononi mwa Mwinjilisti hakuipokea. Alikuwa anakonda. Akina mama walianza kumlaumu mzee wa watu kwa ukaidi, na mmoja alisema mbele yetu sote kwamba mtu asiye na pa kulala hana haki ya kuchagua. Sijawahi kumwona Mwinjilisti akiwa na hasira kama siku hiyo. Hakufoka. Alimwomba yule mama aende nyumbani apumzike, na asirudi mpaka atakapoona kwamba sentensi ile hawezi kuisema mbele ya Babu mwenyewe. Mama wa watu alilia. Mimi niliona amemwonea, na mpaka leo sijui kama niliona sawa.

Mwaka huohuo mtoto wa dada yake Babu alipata habari zake, akaja kumchukua kwa pikipiki na kumrudisha Kwamsisi. Mwinjilisti alifika barazani asubuhi akakuta maboksi matupu. Nami baada ya muda nilihamishiwa shule ya Handeni, yeye akastaafu na kwenda kukaa Vugiri, huko milimani, analima maharage yake mwenyewe. Nilidhani sitamwona tena isipokuwa kwenye misiba.

Nilikuwa nimekosea. Siku moja ya likizo alibisha hodi kwangu, amezeeka, mabega yamelegea, mkononi ameshika kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku hai aliyefungwa miguu.

"Huyu wa nani?" niliuliza.

"Wa Babu. Nikimpelekea nyama atauliza. Nikimpelekea wali atauliza ulipikwa na nini. Kuku mzima hana la kuulizwa."

Nilikuja kujua kwamba safari hiyo haikuwa ya kwanza. Kila alipopata nguvu aliteremka kutoka Vugiri, akapanda basi mpaka Handeni, akachukua bodaboda kwenda Kwamsisi. Alikuwa amechoka mno safari hii, nikaamua kwenda naye.

"Amekusamehe?" nilimuuliza tukiwa njiani.

"Hajasema."

"Na wewe humwulizi?"

"Nikimwuliza nitakuwa namdai, Mwalimu. Atanijibu kwa adabu, kama nilivyomjibu mimi."

Tulimkuta Babu uani kwa mpwa wake, ameketi kwenye kigoda, macho yamefifia lakini koti ni lilelile. Kuku walikuwa wamejaa ua mzima, wanachakura chini ya mihogo. Alimpokea Mwinjilisti kwa mkono, akaitikia salamu zangu, akaagiza kigoda na mkeka.

"Umeleta mwingine," alisema aliposikia kikapu kinatikisika.

"Nimeleta, Babu."

"Unaona hawa wote? Ni wako. Hakuna hata mmoja aliyeliwa, wanataga tu na kuongezeka. Umenifanya mfugaji uzeeni. Watoto wa hapa wananiita tajiri."

Mpwa wake, mwanamke wa makamo, alicheka jikoni. Mwinjilisti alitabasamu, lakini niliona maneno yale yamempiga: hakuna hata mmoja aliyeliwa. Alikuwa amebeba kuku wale milima na nyika, na Babu alikuwa amewapokea kama anavyopokea salamu. Alikishusha kikapu. Mazungumzo yalihamia kwenye mvua na bei ya mahindi, kisha yakaisha yenyewe.

Baada ya hapo Babu aliita, "Mwanangu, niletee kisu."

Mpwa wake akatoka na kisu mkononi. "Mjomba, mikono yako inatetemeka. Subiri wanaume watoke msikitini, watakuchinjia."

"Kuchinja nitachinja mwenyewe. Nataka wa kushika tu."

"Basi nimwite jirani."

"Jirani wa nini? Mtu yupo." Aligeuza uso upande aliokuwa Mwinjilisti. "Wewe. Mtoe huyo uliyemleta leo. Njoo unishikie miguu."

Mwinjilisti alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha alivua koti, akapiga magoti kwenye udongo, akamlaza kuku na kumshika miguu na mbawa kwa mikono yote miwili.

"Shika sawasawa," alisema Babu. "Ukilegeza nitaharibu, na leo tunakula."

"Nimeshika, Babu."

Babu alipokea kisu kwa mpwa wake, akapapasa shingo ya kuku, akamwelekeza kibla. Kwa kawaida mchinjaji hulitaja jina la Mungu kwa sauti ya chini. Babu alilitamka kwa sauti kubwa, polepole, hata mpwa wake aliyekuwa amerudi jikoni akalisikia lote, na mkono wake haukutetemeka. Mwinjilisti alibaki ameinama, ameshika, mpaka kuku alipotulia kabisa.